Injini Moja au Mbili? Maoni juu ya Boti za Mbio

Watu wengi wakiulizwa kama boti ya mbio ifungwe injini moja au mbili, hujibu bila kusita: mbili. Jibu hilo laonekana kuwa la busara. Jozi ya ng'ombe huvuta plau vizuri kuliko ng'ombe mmoja, na mashua ya wapiga makasia wanane huipita ya wanne. Basi kwa nini injini mbili zisiishinde moja? Tena, husema watu hao, ikizimika moja itabaki nyingine. Kwa hiyo mwenye injini mbili huhesabiwa kuwa amepata mema mawili kwa pamoja, kasi na salama, na mwenye moja huhesabiwa kuwa ni mtu ambaye mfuko wake haukumruhusu kununua ya pili.

Nia ya makala haya ni kulipinga jibu hilo. Sisemi kwamba injini mbili hazifai; zipo kazi ambazo haziwezi kufanywa vema bila ya injini mbili. Ninalosema ni kwamba maswali mawili yamefungwa katika kamba moja, na kila moja lina jibu lake. Swali la kwanza ni la kasi, na la pili ni la usalama. Kwa upande wa kasi, historia na fizikia zote mbili huelemea upande wa injini moja. Kwa upande wa usalama, injini mbili zina faida kubwa, lakini kwa sharti ambalo mara nyingi halitimizwi, nalo ni kwamba ziwe mbili kwelikweli. Asiyetenganisha maswali haya hulipa gharama ya kasi asiyoipata, na jambo baya zaidi, huondoka bandarini akitegemea usalama ambao haupo.

Ushahidi wa rekodi

Na tuanze na kasi, na tuitazame katika mambo yaliyokwisha kutendeka. Katika miaka ya 1920 na 1930 Marekani na Uingereza zilishindana vikali juu ya maji. Upande wa Marekani alikuwapo Gar Wood, mtengenezaji wa boti wa mji wa Algonac katika jimbo la Michigan, aliyeunda mfululizo wa boti alizoziita Miss America. Kanuni za Kombe la Harmsworth, ambalo ndilo lililokuwa shindano kuu la siku hizo, ziliweka kikomo cha urefu wa boti kuwa futi 40, lakini hazikuweka kikomo cha idadi ya injini. Wood basi alifuata njia iliyokuwa wazi mbele yake: aliongeza injini. Boti yake ya kumi, Miss America X, ilikuwa na urefu wa futi 38, yaani karibu meta 11.6, na ndani yake mlikuwa na injini nne za Packard zenye jumla ya nguvu za farasi 6,400. Tarehe 20 Septemba 1932, katika Mto St. Clair, boti hiyo ilikwenda maili 124.86 kwa saa, sawa na kilometa 201.

Upande wa Uingereza ilikuwapo Miss England III, iliyofungwa injini mbili za Rolls-Royce za aina ya R. Injini hiyo ilikuwa ajabu ya wakati wake. Iliundwa kwa ajili ya ndege za mashindano ya Kombe la Schneider, na ingawa uzito wake haukufika kilo 750, iliweza kutoa nguvu za farasi zaidi ya 2,000. Mwezi wa Julai 1932, katika ziwa la Loch Lomond huko Scotland, Kaye Don aliiendesha Miss England III kwa mwendo wa maili 119.81 kwa saa, yaani kilometa 192.8.

Ndipo alipotokea Malcolm Campbell, ambaye tayari alikuwa bingwa wa kasi ya magari. Campbell alitwaa injini ya aina ileile ya R, lakini akatwaa moja tu, akaiweka katika boti ndogo ya futi 23, yaani karibu meta 7. Boti hiyo iliitwa Blue Bird K3. Tarehe 1 Septemba 1937, katika Ziwa Maggiore lililo kati ya Italia na Uswisi, ilikwenda maili 126.32 kwa saa, na siku ya pili yake ikaenda maili 129.50. Mwaka 1938, katika ziwa la Hallwil huko Uswisi, ikafikisha maili 130.91. Mwaka 1939 Campbell alileta boti nyingine, Blue Bird K4, yenye umbo jipya la chini, na kwa injini moja ya aina hiyohiyo akafika maili 141.74 kwa saa katika ziwa la Coniston huko Uingereza. Hizo ni kilometa 228.

Msomaji na azitazame tarakimu hizi kwa makini. Injini mbili za aina ya R zilipeleka boti kwa maili 119.81 kwa saa. Injini moja ya aina hiyo ilipeleka boti nyingine kwa maili 126.32. Injini nne za Gar Wood, zenye nguvu karibu mara tatu ya hiyo moja, zilipitwa. Ni kweli kwamba kati ya 1932 na 1937 ilipita miaka mitano ya maarifa, na kwamba maumbo ya boti hizo hayakuwa sawa. Lakini hilo halidhoofishi hoja, bali laitia nguvu: kilicholeta ushindi ni wepesi na umbo, wala si wingi wa mashine. Na tokea 1937 hadi leo, kila boti iliyoishika rekodi kuu ya kasi ya majini imekuwa na injini moja. Rekodi iliyopo sasa iliwekwa na Mwaustralia Ken Warby tarehe 8 Oktoba 1978, katika bwawa la Blowering, kwa kasi ya kilometa 511 kwa saa. Injini yake ilikuwa ya ndege, ya kusukuma kwa hewa moto badala ya rafadha. Hata hivyo, ilikuwa moja.

Sababu za kifizikia

Kwa nini mambo yawe hivyo? Mwanafunzi wa kidato cha tatu anazo tayari zana za kujibu swali hili. Nguvu inayohitajika kukisukuma chombo ni kani ya ukinzani ikizidishwa kwa kasi. Kama ukinzani wa maji hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, basi nguvu hukua kwa kipeo cha tatu. Maana yake ni kwamba ukiongeza nguvu mara mbili, kasi haiongezeki mara mbili. Huongezeka kwa kipeuo cha tatu cha 2, yaani mara 1.26 tu.

Boti ya mbio ina nafuu kidogo, kwa kuwa haipasui maji wakati wote kama jahazi. Ikishapata mwendo wa kutosha, maji huinua sehemu yake ya chini, nayo huparaza juu ya uso wa maji. Katika hali hiyo, kwa makadirio ya jumla, nguvu hukua kwa kiasi cha kipeo cha pili cha kasi, na nguvu maradufu huzidisha kasi mara 1.41. Kwa hiyo boti inayokwenda kilometa 80 kwa saa kwa injini moja, ikiongezewa injini ya pili iliyo sawa na ya kwanza, haitakwenda 160. Itakwenda mahali fulani kati ya 101 na 113, na hapo tumejifanya kana kwamba injini ya pili haina uzito.

Lakini ina uzito. Na boti inayoparaza huubeba uzito wake kwa kani ileile ambayo maji huitoa kwa kupigwa. Kila kilo inayoongezwa hulipiwa kwa ukinzani. Hapa ndipo ilipo siri ya Campbell. Injini ya pili haiji peke yake. Huja na mafuta yake, gia yake, mhimili wake, rafadha yake, na misingi ya kuishikilia. Ili boti ivibebe vyote hivyo ni lazima iwe ndefu zaidi na imara zaidi, yaani nzito zaidi. Na boti nzito zaidi hudai nguvu zaidi. Mtu akiifuata njia hii hujikuta ananunua injini ya pili ili ibebe mzigo wa injini ya pili.

Mtu aweza kusema kuwa hayo ni mambo ya mabingwa na ya maziwa tulivu. Basi na tutazame injini za kupachika, zile zinazofungwa nyuma ya boti kwenye tezi, ambazo wanafunzi wetu wa pwani na wa maziwa makuu huziona kila siku. Injini ya kisasa ya kupachika ya nguvu za farasi 300 ina uzito wa karibu kilo 260. Injini ya farasi 150 haina nusu ya uzito huo. Ina karibu kilo 220. Kwa hiyo anayetaka farasi 300 kwa injini mbili hufunga kilo 440 kwenye tezi badala ya 260. Ziada ya kilo 180 ni sawa na watu wazima watatu wasioshuka kamwe. Tena huzamisha miguu miwili ya injini majini badala ya mmoja, na kila mguu una ukinzani wake. Kwa nguvu zilizo sawa, boti ya injini moja ndiyo itakayotangulia kuparaza, ndiyo itakayokwenda kasi zaidi, na kwa kawaida ndiyo itakayotumia mafuta kidogo zaidi. Fundi naye atabadilisha mafuta ya kulainishia mara moja badala ya mbili.

Haki ya injini mbili

Haifai kuzinyima injini mbili haki yake. Kwanza, kuna mahali ambapo injini moja yenye nguvu za kutosha haipatikani. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya Gar Wood, na ndiyo sababu inayowafanya wenye boti ndefu za Florida leo kufunga injini nne au tano za kupachika kwenye tezi moja. Injini kubwa kabisa za namna hiyo zinazotengenezwa kwa wingi zina nguvu za farasi 600, na boti ya tani nyingi hudai zaidi ya hapo. Kazi ikizidi uwezo wa mmoja, hapana budi kuwaita wawili. Lakini tukumbuke kuwa hiyo ni dharura, wala si fadhila.

Pili, kuna suala la kujipindua. Rafadha inapozungushwa upande mmoja, boti nayo hutaka kuzunguka upande wa pili. Tuchukue farasi 300, yaani wati 224,000, na rafadha inayozunguka mara 3,000 kwa dakika. Mwanafunzi akikokotoa atapata kani ya mzunguko ya karibu nyutoni-meta 713. Hiyo ni sawa na mtu wa kilo 73 aliyeketi meta 1 kando ya mstari wa katikati, upande mmoja daima. Boti pana huvumilia. Boti nyembamba ya mbio hulala. Rafadha mbili zinazozunguka kinyume, moja kulia na moja kushoto, hufutiana kani hizo, na boti husimama wima.

Tatu, injini mbili zilizoachana nafasi humpa nahodha uwezo wa kugeuza chombo mahali pafinyu, moja ikisukuma mbele na nyingine nyuma. Na nne, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, kuna bahari yenyewe. Mwaka 1960, katika mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau, bahari ilichafuka, na boti iliyoshinda ilikuwa Moppie, yenye umbo la chini lililochongoka kama herufi V, na injini mbili. Mbio za bahari kuu si mbio za kilometa moja ya ziwa lililolala. Katika safari ya saa nane, mshindi si yule mwenye kasi kubwa kabisa, bali ni yule ambaye hakusimama.

Hesabu ya bahati mbaya

Sasa tumefika kwenye swali la pili, na hapa nawaomba walimu wa hisabati wawe pamoja nami. Tuchukulie, kwa mfano wa darasani tu, kuwa injini hushindwa katika safari 1 kati ya kila safari 100. Boti ya injini moja basi itakwama baharini mara 100 katika safari 10,000. Boti ya injini mbili itakwama kabisa ikiwa zote mbili zitashindwa katika safari moja. Uwezekano huo ni mia moja mara mia moja, yaani safari 1 kati ya 10,000. Kwa hiyo injini ya pili imepunguza hatari ya kukwama mara mia.

Faida hiyo ni kubwa mno, na haiji bure. Boti hiyo ya injini mbili itapata hitilafu ya angalau injini moja katika safari 199 kati ya 10,000, yaani karibu maradufu ya mwenzake. Mwenye injini mbili hukwama mara chache sana, lakini huenda kwa fundi mara nyingi zaidi. Ni biashara nzuri kwa mtu anayepeleka watu mbali na nchi kavu. Ni biashara mbaya kwa anayeshindana katika ziwa ambalo kila pembe yake yaonekana kutoka ufukweni.

Lakini hesabu hii yote imesimama juu ya neno moja ambalo sikulitaja, na ambalo wauzaji wa boti hawalitaji. Ili tuweze kuzidisha mia kwa mia, ni lazima kushindwa kwa injini moja kusiwe na uhusiano wowote na kushindwa kwa nyingine. Je, ndivyo ilivyo ndani ya boti? Mara nyingi sivyo. Injini zote mbili hunyonya mafuta kutoka tangi moja, kupitia chujio moja. Huwashwa kwa betri moja. Zilifungwa na fundi mmoja siku moja, naye akirudia kosa lilelile mara mbili. Wavu au kamba iliyozagaa majini haichagui rafadha.

Historia ina mfano ulio wazi. Mwaka 1986 Richard Branson na wenzake walivuka Bahari ya Atlantiki kwa boti ya Virgin Atlantic Challenger II, yenye injini mbili za dizeli, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 2,000. Walikuwa wakijaza mafuta njiani, na mara moja wakapakia mafuta yaliyochanganyika na maji. Injini zilikuwa mbili, lakini mafuta yalikuwa mamoja. Zilisumbuka zote, saa nyingi zikapotea katika kusafisha na kubadilisha machujio, na safari nzima nusura iharibike. Walifika kwa siku 3, saa 8 na dakika 31, wakiwa wameupunguza kwa saa mbili na kidogo muda uliowekwa na meli ya United States mwaka 1952. Mafuta machafu kidogo zaidi yangetosha kuwanyima ushindi, na hata injini kumi zisingewaokoa.

Na turudie hesabu yetu tukiutia ukweli huu. Tuseme mafuta machafu hupatikana katika safari 1 kati ya 200, nayo huzima kila injini iliyomo. Boti ya injini moja sasa itakwama kiasi cha mara 150 katika safari 10,000: mara 100 kwa ubovu wake na 50 kwa mafuta. Boti ya injini mbili zenye tangi moja itakwama mara 51: mara 1 kwa ubovu wa zote mbili, na mara 50 kwa mafuta. Ile faida ya mara mia imeporomoka ikawa mara tatu tu. Injini ya pili haikuharibika, wala bei yake haikupungua. Kilichopotea ni ile hali yake ya kujitegemea.

Wahenga walisema kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Walisema juu ya watu, wala hawakusema juu ya mashine. Kwa mashine hatari ni kinyume chake: mbili zinazoonekana kuwa mbili, kumbe ni moja.

Safari ya kurudi

Kuna swali jingine ambalo ni watu wachache hulifikiria kabla ya kung'oa nanga. Injini moja ikizimika, hiyo iliyobaki yaweza kufanya nini? Wengi hudhani kuwa boti itarudi kwa nusu ya kasi. Haitarudi hivyo. Boti ya mbio ina kasi zake mbili: ya kuparaza na ya kupasua maji. Ikiwa nguvu iliyobaki haitoshi kuiinua boti iparaze, basi boti hudidimia na kuanza kupasua maji, na hapo kasi yake huwekewa mpaka na mawimbi inayoyazua yenyewe. Kanuni ya mabaharia husema kuwa mpaka huo, kwa maili za baharini kwa saa, ni karibu 2.43 ikizidishwa kwa kipeuo cha pili cha urefu wa boti majini kwa meta. Boti ya meta 9 hupata kiasi cha 7.3, yaani kilometa 13.5 kwa saa.

Sasa fikiri: boti imetoka pwani kwa kilometa 80 kwa saa, ikaenda muda wa saa moja, injini moja ikazimika. Kurudi kutachukua karibu saa sita. Je, maji ya kunywa yapo ya saa sita? Taa ipo, ikiwa jua litakuchwa njiani? Je, mafuta yaliyo katika tangi la injini iliyokufa yaweza kufikishwa kwa iliyo hai? Usalama wa injini ya pili ni usalama wa kwenda polepole kwa muda mrefu, na nahodha asiyejitayarisha kwa saa hizo sita bado hajausoma mkataba aliotia sahihi.

Ushauri wangu

Baada ya kupima pande zote, rai yangu ni hii. Boti inayotakiwa kwa kasi peke yake, katika maji yaliyo karibu na nchi kavu, na ifungwe injini moja, ile iliyo nyepesi kwa nguvu inayotoa, na fedha ya injini ya pili itumiwe katika umbo zuri la boti na rafadha inayoifaa. Tofauti kati ya Blue Bird K3 na K4 ilikuwa maili 11 kwa saa, na karibu zote zilitoka katika umbo la chini.

Boti inayopeleka watu mahali ambapo nchi kavu haionekani na ifungwe injini mbili, lakini mbili kwa maana kamili: matangi mawili, machujio mawili yenye kutenga maji, betri mbili, na ukaguzi usiofanywa kwa zote mbili na fundi mmoja siku moja. Asiyeweza kutimiza masharti hayo ana njia ya tatu ambayo watu wengi huidharau kwa sababu haipendezi machoni: injini moja kubwa ya kazi, na pembeni yake injini ndogo ya akiba yenye tangi lake, inayowashwa kwa kamba. Injini ndogo haina fahari gatini. Lakini boti iliyokwama hupasua maji tu, na kwa kupasua maji polepole nguvu ndogo yatosha. Kwa hesabu tuliyoiona, injini ndogo yenye mafuta yake ni mlinzi bora kuliko injini kubwa inayonyonya tangi la mwenzake.

Ninachokipinga ni desturi ya kuhesabu injini kwenye tezi kama watu wahesabuvyo vifungo vya dhahabu, na kudhani kuwa idadi ni hoja. Mwaka 1930 Henry Segrave alikuwa ameketi katika Miss England II, boti yenye injini mbili za aina ya R zilizounganishwa kuzungusha rafadha moja. Tarehe 13 Juni, katika ziwa la Windermere, aliweka rekodi ya maili 98.76 kwa saa, kisha katika mbio iliyofuata boti ikapinduka, naye akafa pamoja na mhandisi Victor Halliwell. Inaaminika kuwa boti iligonga kitu kilichokuwa kikielea. Injini mbili zenye nguvu nyingi hazikuwa na la kusema juu ya gogo.

Kwa walimu

Somo hili laweza kufundishwa kwa gharama ndogo. Chukueni hori la maji lenye urefu wa meta tatu, ubao mwepesi uliochongwa kama boti, na mota ndogo mbili kutoka katika vitu vya kuchezea vilivyoharibika, kila moja na rafadha ya bati na betri yake. Pimeni muda wa kuvuka kwa mota moja. Kisha ongezeni ya pili na mpime tena. Kisha rudini kwenye mota moja, lakini ubao ubebe uzito ulio sawa na ule wa mota ya pili. Vipimo hivyo vitatu vitawaonyesha wanafunzi ni kiasi gani cha nguvu ya mota ya pili kinachokwenda kwenye kasi, na ni kiasi gani kinachomezwa na uzito wake yenyewe.

Kwa somo la uwezekano, tumieni dadu. Kila dadu ni injini, na ikitokea 1 injini imekufa. Warusheni dadu mbili mara nyingi, mkiandika ni mara ngapi zote mbili zimekufa. Mtakaribia 1 kati ya 36. Halafu ongezeni dadu ya tatu, muiite tangi la mafuta, ambayo ikitoa 1 injini zote huzimika. Mwanafunzi ataona kwa macho yake jinsi dadu moja ya ziada inavyobomoa usalama uliojengwa na dadu mbili.

Atakayelielewa hilo hatakuwa amejifunza juu ya boti tu. Hospitali yenye majenereta mawili yanayotumia pipa moja la dizeli, na kijiji chenye pampu mbili juu ya kisima kimoja, vyote vina swali hilihili. Kabla ya kuuliza tunavyo vingapi, yatupasa tuulize vinashirikiana nini.